Koti la Patron, sehemu ya tisa: "Mafuta Gani?"

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kabla hamjalisoma, sogeeni karibu, nitasema mara moja tu.

Namegabe, mpishi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amesimama katika jiko la mgahawa mmoja wa Kajaga, kando ya ziwa, kamba za aproni zi mkononi, hajazifunga bado. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku yake ya kwanza ya kazi tangu atoke jela. Kando yake alisimama Kaltum wa shirika la Tujaribu Tena, aliyemtafutia kazi hiyo na kumleta mwenyewe. Mbele yao alikaa mwenye mgahawa, mzee Jaffar, mjomba wake Kaltum, ndugu ya mama yake mzazi.

Na Jaffar alikuwa ameuliza swali moja.

"Na yule patron wako wa Uvira, ulimumwangia mafuta ya moto kwa mukono gani? Wa kuume ao wa kushoto?"

Aliyekuwa akimenya vitunguu aliacha kumenya. 

Namegabe hakumtazama Jaffar. Aligeuka akamtazama Kaltum, na mtazamo ule Kaltum hatausahau.

"Dada Kaltum," alisema polepole. "Ile siku kwa chumba tulikuwa batu batatu."

"Papa Namegabe, wallahi si mi."

"Mi sikumuambia mutu. We ulikuwa pale. Na huyu ni mujomba yako."

Chumba gani hicho? Haya. Ofisi ya Tujaribu Tena iko Mutanga Nord, na kazi yao ni kuwatafutia ajira watu wazima waliofungiwa milango: waliotoka jela, wajane, wakimbizi, waliofukuzwa na wasioandikwa popote. Nyuma ya ofisi kuna chumba kidogo chenye viti viwili na koti la kahawia lililotundikwa kwenye msumari. Kabla ya kumpeleka mtu kazini wanacheza naye mchezo wa patron. Mfanyakazi mmoja anavaa koti, anakuwa patron, yaani bosi. Mtafuta kazi anakaa kiti cha pili, anasema kwa mdomo wake mwenyewe lile jambo baya analoliogopa, mpaka ulimi uzoee na magoti yaache kutetemeka. Siku ya kulisema nje ni yake kuchagua.

Sheria za chumba ni mbili. Humo hakusemwi uongo. Na unayoliambia koti yanabaki kwa koti.

Jumatano aliyevaa koti alikuwa Lisette, mfanyakazi mwenzake Kaltum. Kaltum alikaa pembeni ya Namegabe akimpa moyo. Na Namegabe alisema yote: patron wake alimpiga makofi mbele ya wateja, naye akashika sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki. Yule mtu hakufa, lakini uso wake haukurudi ulivyokuwa. Namegabe alifungwa, akamaliza kifungo chake, akatoka. Alipofika mwisho alilia kama mtoto, na Lisette akavua koti akamkumbatia.

Watu watatu. Basi kumetoka wapi?

Mzee Jaffar alikohoa. "Mi sijasema nakukatalia kazi. Kazi iko. Lakini utalala hapa. Hautoki bila ruhusa yangu, na nikikuambia fanya, unafanya. Mutu mwenye mambo kama yako anahitaji mutu wa kumuchunga. Tunaelewana?"

"Na Jumapili?" Namegabe aliuliza.

"Jumapili gani?"

Kaltum alidakia. "Mujomba, nilikueleza. Jumapili tunaenda Gatumba kuchukua bibi yake."

Hilo, msomaji, ndilo lililomfanya Namegabe akubali kukaa mbele ya koti. Alipofungwa, mkewe alirudi kwa kaka zake Gatumba. Kaka zake wakaweka sharti: dada yetu harudi kwa mtu asiye na kazi. Njoo Jumapili, njoo na shahidi kutoka kazini kwako, aseme mbele yetu kwamba una kazi na wewe ni mtu wa kuaminika. Usipokuja, usirudi tena hapa. Na kaka za watu, ukishapewa siku, siku ni hiyo.

"Jumapili ni siku ya wateja," Jaffar alisema. "Hautoki Jumapili. Hii wala zinazokuja."

Namegabe aliikunja aproni vizuri, pindo kwa pindo, akaiweka mezani. Alipofika mlangoni alisimama.

"Mi nilifanya ubaya mbele ya batu," alimwambia Kaltum. "We umefanya nyuma ya mugongo yangu."

Akatoka.  Wallahi nyingine zilikuwa bado mdomoni mwa Kaltum, na hakuna aliyebaki wa kuziamini.

Alimgeukia mjomba wake. "Nani alikuambia?"

Jaffar alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu ili atawadhe. "Kajaga ni ndogo. Muulize yule mama wa mukeke pale chini. Mi nakwenda sala ya Juma."

"Mujomba, mutu yule nilimusimamia. Ni jina langu."

"Na mi ni mujomba wako. Tutaongea nikirudi, inshallah."

Mzee alikuwa mtulivu mno. Mtu wa namna hiyo, ukimwona ametulia, shika vizuri pochi yako.

Mama wa mukeke, muuza samaki wa ziwani, alikuwa ufukweni ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwaparua samaki magamba. Wote wanamwita Mama Moïse, Mkongo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Yule mupishi? Ah, tulimuombea jana mpaka sauti zikakauka. Anaanza leo, si ndiyo? Mungu ni mukubwa."

Kaltum alichuchumaa kando ya ndoo. "Mulimuombea wapi?"

"Kwa chumba yetu ya maombi. Ilikuwa sujet de prière, jambo la kuombea. Kuna mupishi wa Uvira, alifungwa jela juu ya kumuumiza patron wake, ametoka, kesho anaanza kazi Kajaga, tumushike mukono kwa maombi. Tulifunga hata kula."

"Nani alileta hiyo sujet?"

"Sister Lisette. Lakini hakutaja jina, mwanangu. Alisema Mungu anajua jina." Mama Moïse aligeuza samaki upande wa pili. "Asubuhi nilimuambia mupishi mukubwa wa mujomba yako, juu naye akiwa jikoni amuombee."

Hivyo ndivyo watu wetu walivyo. Siri ukiipeleka sokoni, itafunikwa kwa aibu. Ukiipeleka kwenye maombi, itasambazwa kwa upendo, na kila aliyeipokea atahesabu kwamba amefanya kazi ya Mungu.

"Na hayo mafuta?" Kaltum aliuliza kwa uchungu. "Hayo nayo mulikuwa muyaombee?"

Kisu cha Mama Moïse kilisimama. "Mafuta gani?"

"Basi tu," Kaltum alisema, akaondoka. Hakulipima neno lile. Mtu aliyeumia hasikii vizuri, na ninyi mnaosoma mmeketi mnaweza kumcheka, lakini yeye alikuwa amesikia jina la Lisette na baada ya hapo hakusikia kingine.

Essence, yaani petroli, ilikuwa imekosekana tena mjini, taxi zimelala foleni, kwa hiyo alirudi ofisini akiwa nyuma ya pick-up iliyobeba makreti ya samaki. Njia nzima alimfikiria Lisette. Lisette wa Bukavu, Lisette ambaye, mama yake Kaltum alipofariki, alijifunga kitambaa kichwani akakaa mkekani pamoja na wanawake wa Kiislamu mpaka matanga yakaanuliwa, akiosha sahani na kujibu wageni. Shangazi mmoja aliuliza, huyu ni mtoto wa nani katika ukoo wetu? Kaltum alijibu, huyu ni dada yangu. Sasa dada yake alikuwa amemwaga mtama kwenye kuku wengi, na lawama zimebaki kwa Kaltum.

Alimkuta katika chumba kile kile, akipanga viti.

"Umerudi mapema, sha," Lisette alisema. "Aproni imemukaa?"

 Kaltum alilitoa koti kwenye msumari akalivaa. Lilimzidi mabega, mikono ikamfunika vidole. Akakaa kwenye kiti cha patron.

"Kaa."

"Kaltum, nini?"

"Kaa kwa kiti ile ingine. Mi leo ni patron. Sema ubaya wako."

Lisette alicheka kidogo, kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. Akakaa.

"Namegabe ametoka," Kaltum alisema. "Ameweka aproni chini, ameenda. Anazani ni mi nilimuuza. Nimetoka kwa Mama Moïse."

Lisette alijifunika uso kwa viganja. Machozi yalikuja haraka. "Sikutaja jina."

"Ulisema mupishi. Ulisema Uvira, ukasema jela, ukasema Kajaga, ukasema kesho. Kulibaki nini, kitambulisho?"

"Nilikuwa naogopa kwa ajili yake, dada. Sikulala. Nilisema, nikimupelekea Mungu, si kumutoa inje. Ni Mungu tu."

"Mungu alikuwa anakaa na Mama Moïse."

"Nisamehe. Franchement, kweli kabisa, nisamehe. Nitaenda kumutafuta Papa Namegabe, nitapiga magoti. Niliomba vibaya."

Na nitawaambia ukweli: Kaltum alilegea. Unamchukiaje mtu aliyekosea akiwa amepiga magoti? Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono amshike bega. Alikuwa na neno la kusamehe tayari ulimini. Ndipo lile swali la ufukweni likamrudia, na kisu kilichosimama hewani.

Mafuta gani?

Mkono wa Kaltum ukarudi mapajani. Akauliza taratibu, kama anayeuliza chumvi.

"Kwa maombi, ulisema mambo ya mafuta ya moto?"

"Apana," Lisette alijibu upesi, akifuta machozi. "Hata kidogo. Ile sikuweza kuisema mbele ya batu. Nilisema tu alimuumiza."

"Hata kwa Mama Moïse?"

"Hata kwake. Naapa kwa Yesu."

"Nakuamini," Kaltum alisema. "Basi mujomba wangu alijulia wapi?"

 Lisette alikuwa ametafuta njia ya kujitetea, akaiona, akaipita mbio, na mwisho wa njia hiyo alikuwa amesimama Jaffar.

"Lisette, hii chumba haina uongo. Alijulia wapi?"

"Mujomba yako anapigaka simu."

"Lini?"

"Jumatano, Papa Namegabe akiwa bado kwa barabara anapangusa macho." Sauti yake ilishuka. "Njo maana nilienda kuomba. Nilikuwa nimeisha kumuuza. Nilitaka Mungu ashike kile mi niliachilia."

Kaltum alisikia maneno lakini maana ilichelewa kufika. "Anapigaka kila mara, ama alipiga tu ile siku?"

"Anapigaka."

"Juu ya kila mutu?"

Lisette alitikisa kichwa kukubali.

"Adija?" Adija ni mjane aliyepelekwa kufua katika hoteli ya rafiki yake Jaffar. Harusi ya mwanawe hakuhudhuria. Alisema ana kazi nyingi.

"Ego, ndiyo."

"Shakuru?" Shakuru ni mlinzi wa duka la binamu yake Jaffar. Tangu aajiriwe hajawahi kuomba likizo, na Kaltum alikuwa akimsifia kwa wengine kwamba huo ndio uaminifu.

"Ego. Na bengine."

Kaltum alihisi joto la koti likimpanda shingoni. Kwa miaka mingi alikuwa ametembea na watu hao mlango kwa mlango, kwa wajomba, kwa rafiki za wajomba, maduka ya zamani ambayo babu zao walifungua pamoja. Alikuwa akisema, huyu namsimamia mimi. Nao walikuwa wakisema, mtoto wetu, neno lako linatosha. Akirudi nyumbani alikuwa akilala vizuri. Alikuwa akijiona yeye ndiye ufunguo.

"Ulizani banakubali juu ya neno lako?" Lisette alisema, bila ubaya, kwa huzuni tu. "Banakubali juu banajua pa kumushikia mutu. Mutu anayejua ubaya wako haombwi likizo, dada. Haulizwi kitu. Njo banapendaka batu betu."

"Na we unapata nini?"

"Mi?" Lisette aliinua macho, mekundu. "Hii koti ni ya nani?"

Kaltum alijua. Ofisi nzima ilijua. Siku shirika lilipofunguliwa, mzee Jaffar alikuja na zawadi ya viti, akavua koti lake mwenyewe mbele ya wageni, akalitundika pale: mtu akitaka kucheza patron, avae la patron wa kweli. Watu walipiga makofi. Kaltum alikuwa amepiga kuliko wote.

"Mi njo nilikuwa mutu wa kwanza kukaa kwa hii kiti," Lisette alisema. "Kabla sijakuwa mufanyakazi, nilikuja hapa kama bengine, natafuta kazi. Siku ile aliyevaa koti hakuwa we. Alikuwa yeye. Nilimuambia yangu yote. Bado anayo."

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa tangu utotoni, tukaimba darasani bila kufikiri. Kaltum alikuwa ameivaa, na vifungo amefunga.

Mtu wa damu yake. Aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule, aliyesimama kwenye kaburi la mama yake akasema, sasa mimi ndiye mama yenu. Na huyu aliyekaa mbele yake, aliyeosha sahani za msiba ule. Wote wawili, kwa simu moja, mbele ya pua yake. Alitaka kulia, lakini kilichokuja kilikuwa hasira kavu.

Alishika kifungo cha kwanza avue.

Mlango wa chumba ukagongwa, ukafunguliwa bila kungoja.

Aliingia mwanaume mrefu, viatu vimepigwa rangi, shati la kutembelea ugenini. Nyuma yake, kichwa chini, alikuwa Namegabe.

"Bonjour," alisema mgeni. "Jina ni Valéry. Mi ni kaka ya bibi ya huyu. Tulisema Jumapili, lakini nilisema nitangulie, nione na macho yangu. Batu banadanganyaka. Nimemukutana kwa barabara ya Gatumba, namuuliza, kazi yako iko wapi? Hasemi kitu. Namuuliza, patron wako ni nani? Hasemi. Nikamuambia, kama hauna patron, sema sasa, niende niambie dada asikungoje tena. Njo amenileta hapa."

Namegabe hakuinua uso. Mahali pa pekee alipobakiwa napo mjini palikuwa hapa, kwa yule aliyeamini kwamba amemuuza. Alikuwa amekuja hata hivyo.

Valéry alitazama chumba. Aliona mwanamke anayelia kwenye kiti kimoja. Kwenye kiti cha pili aliona mwingine, mgongo umenyooka, amevaa koti la mwanaume lenye mikono mirefu. Akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya.

"Mama," alisema kwa heshima, akiinamisha kichwa kidogo, "we njo patron yake?"

Katika chumba kile hakusemwi uongo. Sheria hiyo Kaltum aliitunga yeye.

Alimtazama Namegabe. Namegabe sasa alikuwa ameinua macho, na ndani yake hamkuwa na ombi lolote. Alikuwa anangoja auzwe mara ya pili.

"Ndiyo," Kaltum alisema. "Mi ndiye patron wake. Ni mupishi muzuri na ni mutu wa kuaminika."

Kitu kilitikisika usoni mwa Namegabe. Valéry alivuta pumzi ndefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamshika shemeji yake bega.

"Basi imekwisha. Jumapili musije kwetu, tutakuja sisi. Ndugu bote, na dada tutamuleta. Tutakula kwako, mama, huyu apike tukiona. Dada akishaonja mukono yake tena, hatarudi Gatumba." Akatoa simu mfukoni. "Restora yako iko upande gani? Niwaambie sasa hivi."

 Kaltum hakuwa na mgahawa. Hakuwa na hata jiko la kuazima, na yule pekee mwenye mgahawa katika ukoo wake alikuwa msikitini akiomba kwa utulivu.

Valéry alingoja, kidole juu ya simu.

Kiti kikakwaruza sakafu. Lisette alikuwa amesimama, machozi hayajakauka, macho yake kwa Valéry.

"Papa Valéry," alisema, "mi nitakuambia kweli."

Na kwa mara ya tatu wiki ile, Lisette akafungua mdomo wake juu ya Namegabe.